Mauzo ya ndani ya kundi la kampuni: jinsi ya kulijibu swali bila kupoteza alama

Katika shahada ya uzamili ya uhasibu, mauzo ya ndani ya kundi, yaani kampuni za kundi moja zinapouziana, huwakwamisha hata wanafunzi hodari. Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, chora kampuni mama na kampuni tanzu (ile inayomilikiwa na mama), andika asilimia ya umiliki, kisha chora mshale kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Mshale huo ndio unaoamua nani anabeba marekebisho.

Tuseme tanzu, inayomilikiwa kwa 80%, imeiuzia mama bidhaa kwa 120,000. Gharama yake ilikuwa 90,000. Mwisho wa mwaka, bidhaa za 40,000 bado zimo ghalani. Futa kwanza mauzo yote: debiti mauzo, krediti gharama ya mauzo, 120,000. Halafu ondoa faida iliyolala ghalani, yaani faida ya bidhaa ambazo bado hazijauzwa nje ya kundi. Hapa ndipo alama nyingi hupotea: faida ni 25% ya bei ya kuuzia, lakini ni 33.3% ya gharama. Zile 40,000 ni bei ya kuuzia, kwa hiyo faida ni 10,000, ukitumia 33.3% utapata 13,333, na mizania itakuwa na kosa. Debiti gharama ya mauzo, krediti bidhaa ghalani.

Muuzaji ni tanzu, hivyo wenye hisa wachache, yaani wamiliki wa 20% iliyobaki ya tanzu, hubeba 2,000. Mama ingekuwa muuzaji, wasingeguswa.

Mwaka unaofuata, bidhaa zikishauzwa nje ya kundi, debiti faida limbikizi ya mwanzo (faida iliyokusanywa hadi mwanzo wa mwaka) 8,000 na fungu la wenye hisa wachache 2,000, krediti gharama ya mauzo 10,000.