Somo: Kupanga chati ya nyimbo ya wiki na kuiandikia tarehe

Mimi najaza nyimbo kwenye simu, sokoni Mwanga hapa Kigoma. Machi 2024, siku ya Jumanne, kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha chati ya Marekani, Billboard Hot 100 (orodha ya kila wiki ya nyimbo 100 zinazovuma, ya gazeti la Billboard), imeandikwa tarehe 16. Siku hiyo ilikuwa tarehe 12. Nikamwambia hiyo feki, chati ya Jumamosi ijayo imepatikanaje leo? Tukawekeana soda. Nilinunua mimi, na yeye akachagua ile ya chupa kubwa.

Tangu hapo nina daftari la chati yangu mwenyewe. Nawapa utaratibu, wanachama wenzangu.

Hatua ya 1: Amua unahesabu nini

Uingereza walianza 14 Novemba 1952, katika gazeti la New Musical Express. Mtu mmoja alipigia simu maduka kama 20 ya santuri akiuliza zipi zinauzika. Walihesabu mauzo tu. Hot 100, iliyoanza 4 Agosti 1958, ilichanganya mauzo na redio, na siku hizi imeongezewa nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni. Mimi nahesabu wimbo ambao mteja ameutaja kwa jina. Akisema "nijazie memori yote, chochote," hizo siandiki, maana ni chaguo langu mimi, si lake.

Hapa pana ujanja, jihadharini. Zamani Marekani wauza duka ndio waliotaja kwa simu nyimbo zinazotoka sana, na aliyepewa santuri za bure alijua ataje zipi. Mwaka 1991 wakaanza kutumia mashine zinazosoma mauzo pale kaunta. Muziki wa country na rap ukapanda ghafla. Wanunuzi walikuwepo siku zote, ila walikuwa hawahesabiwi.

Hatua ya 2: Funga wiki

Wiki ya chati inaanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Sababu ni kwamba tangu 10 Julai 2015 nyimbo mpya zinatolewa Ijumaa karibu dunia nzima. Kabla ya hapo Uingereza walitoa Jumatatu, Marekani Jumanne, kila mtu na lake.

Sasa, sisi tuna tatizo ambalo Wazungu hawana. Niliwahi kumweka kibandani mdogo wangu mmoja wa Ujiji, mtoto aliyelelewa na bibi. Nikamwambia, "Wiki mpya inaanza Ijumaa." Alhamisi jua lilipozama tu akafungua ukurasa mpya. Nilipomuuliza akajibu, "Kaka, si ndiyo usiku wa Ijumaa huu?" Na kwa Kiswahili cha bibi yake yuko sahihi kabisa, siku huanza magharibi! Saa zangu sita za Alhamisi zikahamia wiki nyingine. Kwa hiyo andikeni wazi: wiki inaanza saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa.

Hatua ya 3: Toa uzito

Kusikiliza mara moja si sawa na kununua. Uingereza, kwa kawaida, wimbo ukisikilizwa mara 100 na watu wanaolipia huduma ni sawa na kuuzwa mara moja. Kwa wanaosikiliza bure pamoja na matangazo, inatakiwa mara 600. Marekani nao wanampa anayelipia uzito mkubwa zaidi. Mimi aliyetaja jina ana alama moja, basi. Ukiwa na daftari na kalamu usijipe hesabu za kompyuta.

Hatua ya 4: Panga

Kubwa juu, ndogo chini. Zikilingana, ziweke nafasi moja. Ile chati ya 1952 ilikuwa na nafasi 12 lakini nyimbo 15, kwa sababu ya sare.

Hatua ya 5: Tarehe

Hapa ndipo soda yangu ilipoliwa. Chati ina tarehe tatu: siku za kuhesabu, siku ya kutangaza, na tarehe inayoandikwa juu. Fikirieni gunia la dagaa. Wamevuliwa usiku wa giza, wakaanikwa Katonga, wakapanda treni, na mnunuzi wa Dar es Salaam akaandika siku alipolipokea. Ukisoma gunia ukadhani dagaa walivuliwa siku hiyo, kosa ni lako.

Chukueni wiki iliyohesabiwa kwenye ile chati ya ubishi wetu, Ijumaa 1 hadi Alhamisi 7 Machi 2024. Uingereza walitangaza Ijumaa tarehe 8, na chati yao ikaitwa ya tarehe 8 hadi 14. Marekani waliiweka kamili mtandaoni Jumanne tarehe 12, ikaandikwa Jumamosi ya tarehe 16. Siku za kusikiliza ni zilezile, majina mawili. Desturi hii ya kutanguliza tarehe ni ya magazeti: toleo liandikwe siku za mbele lisionekane limechacha likiwa bado mezani.

Ukitaka kurudi nyuma kutoka tarehe ya Hot 100, toa siku 15 upate Ijumaa ya kuanza, toa 9 upate Alhamisi ya mwisho. Msitumie kanuni hii kwa chati za kabla ya 2018, pengo lilikuwa jingine.

Mimi naandika juu ya ukurasa: "Imehesabiwa tarehe fulani hadi fulani." Sina gazeti la kuuza.

MASWALI

Mwanachama wa Kasulu: Wimbo ukitoka Jumatano inakuwaje?
Unahesabiwa siku mbili tu, kisha wiki inafungwa. Wiki inayofuata ndiyo unapata siku saba zake. Usiulaumu kwa kuingia chini.

Mwanachama wa Ujiji: Mariah Carey alitoa wimbo wake wa Krismasi 1994. Umekuwaje namba moja chati ya 21 Desemba 2019?
Toa 15, toa 9, dada: mauzo na usikilizaji wa mtandaoni vilihesabiwa 6 hadi 12 Desemba 2019; redio wakati huo ilikuwa na siku zake. Chati haijali umri wa wimbo, inauliza wiki hiyo umesikilizwa kiasi gani. Ndiyo maana watazamaji milioni za YouTube zilizokusanywa miaka mitatu si chati, ni jumla.

Mwanachama wa Kibirizi: Kwako kuna wiki nyimbo za Kikongo zinajaa juu, halafu zinapotea. Unapendelea?
Hapana, mzee wangu, angalia mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaendi kuvua dagaa, wanakuja mjini na memori zao, na wao ndio wanaotaja za Kikongo. Giza likirudi wanarudi ziwani, na wateja wangu wanabaki wanafunzi na bodaboda. Pale hesabu yote hushuka, kwa hiyo namba moja ya giza inaweza kuwa na alama chache kuliko namba tano ya mbalamwezi.

Mwanachama wa Mwandiga: Nikiumwa wiki nzima nirudie chati iliyopita?
Billboard yenyewe ilikuwa haichapi toleo la wiki ya mwisho ya mwaka, na nafasi zilezile zikahesabiwa tena. Mimi sifanyi hivyo. Wiki niliyolazwa na malaria ukurasa wangu una tarehe juu, na chini neno moja: "Haikuhesabiwa."