Kufuatilia Asili na Mtawanyiko wa Jina Adimu la Ukoo la Kifilipino, Hatua kwa Hatua

Wenzetu wengi walioko Muscat, Doha na Dubai hufanya kazi bega kwa bega na Wafilipino, na baadhi yao wameoana nao, kwa hiyo si ajabu tena kumsikia mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani akiuliza jina la ukoo la mama yake lilitoka wapi. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kuisaidia familia moja ya namna hiyo. Familia yenyewe sitaitaja. Badala yake nitatumia jina Faigao kama mfano, kwa kuwa ni adimu na chimbuko lake la kijiografia linafahamika: kisiwa kidogo cha Banton, mkoani Romblon, katikati ya Ufilipino.

Kabla ya hatua yoyote, achana na tovuti zinazouza nembo za ukoo na hati zenye ngao na simba. Zitakuambia kwamba jina lenye sura ya Kihispania lilitoka kwa askari au mtukufu fulani wa Hispania, na kwa Wafilipino walio wengi habari hiyo si kweli. Jina adimu la Kifilipino hukuonyesha mji mara nyingi zaidi kuliko linavyokuonyesha damu, na kazi yote iliyo hapa chini inalenga kuupata mji huo.

Hatua ya 1: Andika jina kama lilivyo kwenye cheti

Pata cheti cha kuzaliwa cha mtu mzee kuliko wote aliye hai katika familia, kisha uandike jina lake la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Kumbuka kwamba kwa Wafilipino jina la kati ni jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, wala si jina la baba kama tulivyozoea sisi. Vyeti hutolewa na Mamlaka ya Takwimu ya Ufilipino, ambayo hufupishwa PSA.

Hatua ya 2: Amua jina ni la kundi gani

Tarehe 21 Novemba 1849 Narciso Clavería, Gavana Mkuu aliyeitawala Ufilipino kwa niaba ya Hispania, alitoa amri kwamba kila familia ya wenyeji iwe na jina la ukoo la kudumu. Kabla ya hapo watu wengi walitumia majina ya ubatizo peke yake, au walijichagulia majina ya kidini kama de la Cruz na de los Santos, hata ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti na wakusanya kodi wakashindwa kujua nani ni nani. Serikali ikachapisha orodha yenye majina zaidi ya 60,000, inayoitwa Catálogo alfabético de apellidos, ambamo majina ya Kihispania yamechanganywa na maneno ya lugha za wenyeji, majina ya mimea, ya wanyama na ya mahali. Nyaraka za Taifa za Ufilipino ziliichapisha upya mwaka 1973, na nakala zake zilizopigwa picha zinapatikana mtandaoni.

Fungua orodha hiyo utafute jina lako. Likiwamo, chukulia kwanza kwamba familia ilipewa jina hilo mwaka 1849 au muda mfupi baadaye. Lisipokuwamo, zipo njia chache za kulieleza. Familia zilizoweza kuonyesha kwamba zimetumia jina lao kwa vizazi vinne ziliruhusiwa kuendelea nalo, isipokuwa yale yaliyokuwa yameenea kupita kiasi. Majina yanayoishia na -co au -son, kama Cojuangco na Tuason, mara nyingi ni ya wahamiaji wa Kichina waliozungumza Kihokkien, ambao majina yao kamili yaliunganishwa yakawa jina moja la ukoo. Waislamu wa Mindanao na watu wa milima ya Cordillera, ambao Hispania haikuwatawala kikamilifu, kwa kiasi kikubwa hawakuguswa na amri hiyo. Uwezekano wa mwisho, ambao ndio wa kawaida kuliko yote, ni kwamba tahajia imebadilika njiani.

Hatua ya 3: Tafuta mji kupitia herufi ya kwanza

Hatua hii ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu hakuna nchi nyingine ninayoijua ambako herufi moja hufanya kazi kubwa namna hii. Kurasa za orodha zilitumwa mikoani kwa kadiri ya idadi ya watu, na wakuu wa mikoa wakazigawa mijini. Wapo waliogawa ukurasa baada ya ukurasa kwa mpangilio wa alfabeti, hivi kwamba mji mzima ukaangukia kwenye herufi moja. Oas, mkoani Albay, hadi leo umejaa majina yanayoanza na R. Kwenye pwani ya kusini ya mkoa wa Iloilo, Guimbal una majina ya G, Tigbauan ya T na San Joaquin ya S. Banton una F: Faigao, Fabella, Fetalvero, Festin.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua jina lako pamoja na majina mengine matano au sita ya watu wa kijiji kimoja, kama yanavyokumbukwa na wazee, na uangalie kama yanaanza na herufi moja, au bora zaidi, na silabi moja. Yakifanana, umepata mji uliogawiwa ukurasa, na majirani zako kwenye orodha ndio majirani wa babu yako kijijini. Yasipofanana, usikate tamaa, kwa maana mikoa mingi haikugawa kwa mtindo huu. De la Cruz lenyewe, ambalo amri ilitaka lipunguzwe, bado ni miongoni mwa majina yaliyoenea kuliko yote nchini.

Tahadhari moja hapa: usichukue mahali anapojulikana mtu mashuhuri mwenye jina hilo ukadhani ndipo chimbuko lake. Mshairi Cornelio Faigao anahesabiwa miongoni mwa waandishi wa kisiwa cha Cebu, na anayeanza utafutaji kwa kutazama fasihi ya Kicebuano atakwenda kupekua parokia za Cebu bila faida. Mshairi huyo alizaliwa Banton. Watu wa Banton pia walihamia zamani katika kisiwa cha Tablas, hasa Odiongan, ndiyo maana majina ya F yamejaa huko pia.

Hatua ya 4: Hakikisha mji huo uliitwaje

Banton uliitwa Jones kuanzia 1918 hadi 1959, kwa heshima ya mbunge wa Marekani William Atkinson Jones. Kuanzia 1940 hadi 1946 manispaa za Romblon zilivunjwa na Banton ikawekwa ndani ya manispaa kubwa iliyoitwa Maghali. Wakati wa amri ya Clavería, Romblon yote ilikuwa chini ya mkoa wa Capiz, na ilirudishwa huko tena kati ya 1907 na 1918. Tengeneza jedwali la majina haya pamoja na miaka yake kabla hujafungua rejesta yoyote, kwa sababu mzaliwa wa 1942 na mzaliwa wa 1925 wanaweza kuwa wa nyumba moja huku vyeti vyao vikitaja miji miwili tofauti.

Hatua ya 5: Vuka mwaka 1850 ndani ya vitabu vya parokia

Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipoishia, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Kuanzia leo kurudi hadi miaka ya 1930 kazi ni nyepesi, kwa kuwa Sheria Namba 3753 ya mwaka 1930 iliweka utaratibu mmoja wa kuandikisha vizazi, ndoa na vifo nchi nzima. Nyuma ya hapo utategemea zaidi vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya Kanisa Katoliki. Mimi natumia tovuti ya FamilySearch tu, ambayo haitozi chochote na ina picha za vitabu vingi vya parokia za Ufilipino. Usianzie kwenye kisanduku cha kutafutia jina. Nenda kwenye katalogi, tafuta mji, fungua picha za kitabu na usome ukurasa kwa ukurasa, maana sehemu kubwa ya vitabu hivi haijaingizwa kwenye faharasa, na pale ilipoingizwa, mara nyingi aliyeinakili hakuwa mtu wa lugha ya eneo hilo. Baadhi ya picha hufunguka tu ukiwa kwenye kituo cha historia ya familia. Angalia kilicho karibu nawe.

Ukilazimika kutafuta kwa jina, tumia alama ya nyota badala ya herufi kadhaa na alama ya kuuliza badala ya herufi moja. I na y hubadilishana (Faigao, Faygao), vivyo hivyo b na v, c na qu na k, ll na y. Kwa majina ya F kuna mtego mwingine: lugha nyingi za Ufilipino hazina sauti hiyo kiasili, kwa hiyo karani aliyeandika kwa kusikia huenda aliweka P. Tafuta Paigao pia.

Sasa tufike kwenye ukuta wenyewe. Unarudi nyuma vizuri: 1880, 1870, 1860, kisha 1851. Halafu mwaka 1848 jina linatoweka parokia nzima. Watu hawakuhama wala kufa. Ni wale wale, ila wana majina mengine au hawana jina la ukoo kabisa. Kutafuta jina upande ule wa ukuta ni kupoteza wakati. Tafuta mtu kwa alama zake nyingine.

Alama ya kwanza ni jozi ya majina ya ubatizo ya wazazi. Watoto walipewa majina kwa kufuata kalenda ya watakatifu, kwa hiyo utakutana na majina yasiyo ya kawaida, na mume na mke wenye majina ya namna hiyo hutambulika kirahisi. Ukipata watoto waliobatizwa 1851 na 1853 kwa wazazi wa jozi hiyo, tafuta wakubwa wao wa 1846 na 1848 kwa wazazi wenye jozi ile ile katika mji ule ule.

Alama ya pili, ambayo mimi naiamini kuliko zote, ni cabecería, yaani kundi la familia za walipa kodi lililokuwa chini ya mkuu mmoja, cabeza de barangay. Padri aliyekuwa makini aliandika kwamba wazazi ni wa cabecería ya Don fulani. Majina ya familia yalibadilika, lakini makundi ya kodi hayakuvunjwa kwa sababu ya amri ya majina. Jozi ya wazazi ikilingana na cabecería nayo ikilingana, una hoja nzito. Jozi peke yake, hasa kama ni Juan na María, si hoja.

Alama ya tatu ni wasimamizi wa ubatizo. Familia zilirudia kuwaomba watu wale wale, na msimamizi mmoja akionekana kwa watoto wa kabla na wa baada ya 1850, hilo lina uzito. Lakini naye amebadilishiwa jina, kwa hiyo utalazimika kumfuatilia kwa njia hii hii.

Kisha kuna jambo linalowavuruga wengi. Amri ilisema baba, au mkubwa wa familia, achague au apewe jina, nalo lishikwe na yeye pamoja na wazao wake wa moja kwa moja. Maana yake ndugu wawili watu wazima, kila mmoja na nyumba yake, wangeweza kutoka mbele ya mkuu wao na majina mawili tofauti. Kinyume chake nacho kinawezekana: familia mbili zisizo na undugu zikapewa jina moja. Ndiyo maana sikubali kauli kwamba wote wenye jina fulani adimu ni ndugu mpaka vitabu vya parokia viseme hivyo, hata kama wote ni wa kisiwa kimoja.

Jinsi ya kuhifadhi haya: tumia lahajedwali ya kawaida yenye safu za tarehe, mtoto, baba, mama, cabecería, wasimamizi na namba ya picha. Programu za kuchora mti wa ukoo hukulazimisha kuunganisha watu kabla hujawa na ushahidi, na ukishaunganisha, hutarudi kukagua.

Hatua ya 6: Kadiria wenye jina ni wangapi na wako wapi

Tovuti ya Forebears hutoa makadirio ya wenye jina katika kila nchi. Kwa jina la kawaida makadirio hayo yanafaa, lakini kwa jina adimu kosa dogo katika sampuli hukuzwa sana, kwa hiyo mimi huchukua mpangilio wa nchi na kuiacha tarakimu yenyewe. Ili kupata uwiano, tumia sensa ya 2020, iliyohesabu watu 109,035,343: jina la watu 1,000 lingekuwa la mtu mmoja katika kila 109,000 hivi.

Usihesabu safu ya jina la ukoo peke yake. Mwanamke akiolewa huweza kuchukua jina la mumewe, na jina alilozaliwa nalo huhamia katikati, kisha watoto wake hulibeba kama jina la kati kwa kizazi kimoja zaidi. Kwenye Facebook Wafilipino wengi huandika majina yote matatu, kwa hiyo tafuta jina lako likiwa katikati pia. Kwenye kadi za ukaazi za nchi za Ghuba majina hayo mara nyingi hupangwa mfululizo bila kutenganishwa, na jina la kati linaweza kudhaniwa kuwa ndilo la ukoo.

Kwa Marekani, ofisi ya sensa ilitoa faili ya majina ya ukoo ya mwaka 2010 yenye majina 162,253, yaani kila jina lililokuwa na watu 100 au zaidi, pamoja na asilimia ya wenye jina kwa kila kundi la watu. Jina lenye sura ya Kihispania ambalo wengi wa wenye nalo wamehesabiwa kama Waasia karibu hakika limefika huko kupitia Ufilipino. Jina lako lisipokuwa kwenye faili, idadi ya wenye nalo Marekani ilikuwa chini ya 100, na hiyo nayo ni tarakimu unayoweza kuiandika kwenye jedwali lako.