Kuwapanga majeruhi wengi ufukweni baada ya chombo kuzama

Tangu meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama mkabala wa Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, naamini kila mkaazi wa pwani za Unguja na Pemba anapaswa kujua kwamba, majeruhi wanapokuwa wengi kuliko waokoaji, anayepiga kelele zaidi si lazima awe wa kuhudumiwa mwanzo. Waite wanaoweza kutembea wajitenge kando, hao watasubiri. Kisha mwendee kila aliyelala, usimalize kwake zaidi ya dakika moja. Akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au akishindwa kutii neno jepesi kama "nibane mkono", mfunge kitambaa chekundu mkononi ili atangulie hospitali. Asiyepumua, mwinue kidevu njia ya hewa ifunguke, na kwa kuwa aliyezama amekosa hewa, mpe pumzi 5 za mdomo kwa mdomo kabla hujamwacha. Wala usimkamue tumbo kutoa maji, kwani atatapika na matapishi yatamwingia mapafuni. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu. Wote wavuliwe nguo zilizorowa na wafunikwe khanga kavu, maana saa nyingi majini hupoza mwili hata katika bahari yetu ya vuguvugu.