Gango la usiku kwa mkono unaokufa ganzi

Mafundi wa mashini ya kushona wa Birere, mtaa wa Goma, na motari (waendesha pikipiki za abiria) wa mji huo, wanaoshikilia usukani kutwa nzima kwenye barabara za mawe ya volkano, wengi huamka usiku wakikung'uta mkono uliokufa ganzi. Mara nyingi kinachobanwa ni neva (mshipa wa fahamu) ya mediani, inayopita kwenye kifundo cha mkono katika njia moja nyembamba pamoja na kano tisa. Tukilala huku tumekunja kifundo, njia hiyo hubana zaidi. Gango, kipande kigumu kinachofungwa mkononi, hukishikilia kifundo kisikunjike usingizini.

1. Uliza vidole. Ganzi ya gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete ni ya mediani. Ikiwa kwenye kidole kidogo na nusu ya cha pete, neva ya ulna inabanwa, kwa kawaida kiwikoni, na gango hili halitasaidia: mgonjwa aache kuegemea kiwiko na kulala amekikunja. Kiganja kinachoning'inia, kisichoinuka kabisa, ni cha hospitali. Kwa mediani, gandamiza migongo ya viganja pamoja, vidole vikitazama chini, sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole hivyo, ni dalili nyingine kwamba mediani ndiyo inayobanwa.

2. Pima kuanzia chini kidogo ya mstari wa kiganja ulio karibu na vidole hadi theluthi mbili za mkono wa mbele (kutoka kifundo hadi kiwiko). Gango likivuka mstari huo, vidole havikunjiki na asubuhi vinakakamaa.

3. Kata bomba la plastiki ya PVC la milimita 110, upana nusu ya mzingo wa mkono. Toa pembe upande wa gumba, piga msasa kingo zote.

4. Lainisha kwenye maji yanayochemka. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na zinatosha: PVC huanza kulegea kwenye 80. Usiipitishe kwenye moto, moshi wake ni sumu. Itoe kwa koleo, ikunje juu ya mti wa mkaratusi wenye unene wa mkono, ipoe. Kamwe usiikunjie juu ya mgonjwa. Mkono wenye ganzi unaungua bila kuhisi.

Kwa urefu ibaki imenyooka. Magango mengi ya dukani huinua kifundo juu, na hapo shinikizo kwenye njia ya neva linapanda; chomoa bamba lake la chuma, linyooshe, lirudishe.

5. Weka sponji ya milimita 5, kisha kanda tatu za kitambaa. Kidole kimoja kipite chini ya kila kanda. Bonyeza kucha: rangi irudi ndani ya sekunde 2.

6. Vaa kila usiku, wiki 6. Mjamzito mara nyingi hupona baada ya kujifungua. Wengine wapimwe sukari na tezi ya shingo.

Nyama ya mzizi wa gumba ikianza kubonyea, ganzi ikiwa haiachi mchana, au sindano ikikuponyoka, usisubiri wiki hizo 6. Nenda kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu msuli uliokwisha kukonda huenda usirudi hata neva ikifunguliwa.