Kuchagua uzito wa springi mpya za swichi za kibodi, hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamfaa mwenye kibodi ya swichi (kifaa kidogo chenye springi kilicho chini ya kila kitufe) za mtindo wa MX wa kampuni ya Cherry, ambaye anaona vitufe vyake ni vizito au vyepesi kupita kiasi, na angependa kubadilisha springi tu badala ya kununua swichi nyingine. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye vidole vyake vilikuwa vikichoka kila jioni, na ambaye nusura aagize springi zisizomfaa kwa sababu aliamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti.

Hatua ya 1: Fungua swichi moja. Ng'oa kitufe, chomoa swichi, uifungue na uitoe springi. Tumia kifungulio cha alumini, wala si bisibisi, kwa kuwa bisibisi hupinda vishikizo vya plastiki. Ikiwa swichi zako zimelehemiwa kwenye bodi, pima kwanza kama uko tayari kuyeyusha risasi kwenye miguu miwili ya kila moja.

Hatua ya 2: Jua namba ya pakiti ilipimwa wapi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kitufe cha swichi ya kawaida ya MX husafiri milimita 4 hadi kugota, ilhali herufi huandikwa kikifika milimita 2. Cherry hutaja nguvu ya pale herufi inapoandikwa: swichi ya Red ni sentinyutoni 45 na Black ni 60. (Sentinyutoni moja ni karibu sawa na uzito wa gramu moja, hivyo usijisumbue kubadilisha vipimo.) Wauzaji wengi wa springi za kubadilishia, kwa upande wao, hutaja nguvu ya pale kitufe kinapogota. Kwa hiyo mtu aliyezoea Red akiagiza springi ya gramu 45 iliyopimwa kwenye kugota, atapata kitufe kinachoandika kabla hajafika gramu 40, na herufi zitajiandika kwa kuegemeza vidole tu. Kwa kipimo hicho cha pili, springi inayoikaribia Red ni ya gramu 60 au 62. Maelezo ya muuzaji yakinyamaza kuhusu jambo hili, muulize; asipojibu, nunua kwingine.

Hata mkielewana na muuzaji kuhusu mahali namba ilipopimwa, urefu wa springi nao una neno lake. Springi ndefu huwekwa ndani ya swichi ikiwa tayari imebanwa zaidi, kwa hiyo huanza na nguvu kubwa na kupanda polepole. Chukua mfano wa springi mbili zinazogota kwa gramu 60: fupi inaanza na 30, ndefu inaanza na 40. Kwenye milimita 2, ya kwanza itadai gramu 45 na ya pili 50, ingawa pakiti zote zimeandikwa 60. Isitoshe, swichi zenye kijiti kirefu cha ndani (sehemu inayoshuka pamoja na kitufe) hugota kabla ya milimita 4, hivyo springi haifikii nguvu yake yote.

Kwa sababu hizo mimi hupima mwenyewe. Weka kikombe chepesi cha plastiki juu ya kitufe cha kibodi iliyounganishwa na kompyuta, kisha mimina mchele kidogo kidogo, huku ukigonga meza taratibu ili msuguano usikudanganye. Herufi ikitokea, pima kikombe, mchele na kifuniko cha kitufe pamoja kwenye mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Rudia hadi kitufe kigote. Sasa unazo namba mbili za springi unayoitumia, na ndizo za kulinganishia.

Hatua ya 3: Amua. Panda au shuka kwa gramu 5 hadi 10. Tofauti ya gramu 2 sijawahi kuihisi. Napendelea springi ambazo mizunguko yake imeachana sawasawa, kwani zile zinazozidi kuwa ngumu kuelekea chini hunichosha. Mwenye swichi zenye kidonge, yaani zinazogomea kidole katikati ya safari, asishuke sana: kidonge hakitoki kwa kubadilisha springi, na springi dhaifu hushindwa kukirudisha kijiti juu. Ndiyo maana wanaolainisha MX Clear, swichi nzito ya Cherry yenye kidonge, huweka springi za gramu 62 au 65, kwa kuwa zikiwa nyepesi zaidi vitufe huanza kukwama chini.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kununua pakiti nzima. Agiza chache za uzito mbili, uziweke chini ya vitufe vya mstari wa kati, uandike kazi zako za kila siku kwa wiki moja. Ukisharidhika, tia springi zote kwenye mfuko wa plastiki wenye matone machache ya mafuta mepesi, utikise, kisha uzirudishe ndani ya swichi. Kwenye kitufe cha nafasi weka springi nzito kidogo kuliko nyingine, kwa sababu inainua kifuniko kizito pamoja na waya wa kukisawazisha.