Mavazi ya chuo kwa kijana mwenye wasiwasi: anzeni kabatini

Ukimpeleka dukani kwanza, wingi wa nguo utamchanganya, au atakubali chochote ili mtoke haraka. Mwambie atoe kabatini nguo tano anazozivaa bila kusukumwa, kisha mtazame zinafanana wapi: rangi, ulegevu, shingo, urefu wa mikono, kitambaa. Mtindo wake uko hapo tayari, hata kama yeye hauoni.

Chagueni rangi tatu zinazokubaliana, mbili tulivu na moja ya kuchangamsha. Suruali au sketi tatu na mashati matano ya rangi hizo hutoa mavazi 15 tofauti. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Vipya siku ya kwanza ni malengelenge tu.

Nguo mpya aijaribu akiwa ameketi, ameinua mikono, kisha amebeba mkoba. Ikibana kiunoni au ikipanda mgongoni, atashinda akiivuta darasani na kuhisi kila mtu anamtazama. Aivae nyumbani kwa muda wa saa mbili kabla ya kukata lebo, ili irudishike dukani isipomfaa. Na sifa zisizidi: “imekukaa vizuri” inatosha, maana ukimsifu sana atadhani unamhurumia.