Kutoka Daraja la Chini Kurudi Ligi Kuu: Namna ya Kupanga Msimu wa Kupanda

Klabu ikishuka daraja, majonzi hudumu siku chache, kisha zinaanza kelele za "mwakani tunarudi". Hazina ubaya, ila hazipandishi timu. Klabu zinazorudi mapema ni zile zinazomaliza kazi mbili kabla msimu haujaanza: kulinganisha mishahara na kipato kipya, na kuigeuza ndoto ya kupanda kuwa hesabu ya pointi inayojulikana na kila mtu, kuanzia mwenyekiti hadi mtunza vifaa.

Anza na mikataba, kocha baadaye

Ndani ya wiki mbili tangu kushuka, weka mikataba yote mezani. Kwa kila mchezaji andika mambo manne: mkataba unaisha lini, analipwa kiasi gani kwa mwezi, kama kuna kipengele cha kupunguza mshahara timu ikishuka, na kama kuna kipengele kinachomruhusu kuondoka kwa ada maalumu. Klabu makini huweka kipengele cha kupunguza mshahara, kwa mfano asilimia 30 hadi 50, siku ya kusaini, timu ikiwa bado Ligi Kuu. Kama hakikuwekwa, huwezi kumlazimisha mchezaji leo. Utakaa na mmoja mmoja na kuchagua: kumuuza, kumtoa kwa mkopo, au kumwongezea mwaka kwenye mkataba kwa mshahara mdogo zaidi wenye bonasi nono ya kupanda. Bonasi hiyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Klabu nyingi huahidi bonasi, zikapanda, zikaanza maisha ya Ligi Kuu zikiwa na deni kwa wachezaji wale wale waliozipandisha.

Ukomo wa busara ni gharama za kikosi zisizozidi asilimia 70 ya mapato, kiwango ambacho UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, imekiweka kwa klabu zinazocheza mashindano yake. Katika daraja la pili la England, kwa misimu mingi mishahara ya klabu kwa jumla imezidi asilimia 100 ya mapato, yaani wenye mali wanatoa mfukoni kila mwezi. Huo ni mchezo wa wenye nazo. Mwenye mali akichoka, timu haishuki daraja moja tu.

Kisha andika bajeti tatu: ya kupanda mwaka wa kwanza, ya kupanda mwaka wa pili, na ya kutopanda kwa miaka mitatu. Igawe kila moja mwezi kwa mwezi, maana hatari imejificha kwenye miezi ya mapumziko, wakati hakuna kiingilio na mishahara inaendelea. Kama bajeti ya tatu inaonyesha fedha zitakata mwezi fulani, punguza matumizi sasa. Klabu inayoshuka kutoka Ligi Kuu ya England hupewa mgawo maalumu wa fedha za televisheni kwa hadi miaka mitatu, ukipungua mwaka hadi mwaka, na miaka miwili tu kama ilikaa juu msimu mmoja. Ligi nyingi duniani hazina mto wa namna hiyo, kwa hiyo usiige matumizi ya klabu zinazoulalia.

Kuchelewesha mishahara kunaua ndoto haraka kuliko kufungwa. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15. Zikipita bila malipo, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali na kudai fidia. Klabu isiyolipa madeni yaliyoamuliwa inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Adhabu ya pointi nayo haina huruma. Leeds United walianza msimu wa 2007/08 katika daraja la tatu la England wakiwa wamekatwa pointi 15 kutokana na mgogoro wao wa fedha. Walimaliza na pointi 76. Zile 15 zingewafikisha 91, wakati Nottingham Forest walipanda moja kwa moja wakiwa na 82. Leeds wakaenda kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania nafasi ya mwisho ya kupanda, wakapoteza fainali.

Linda uti wa mgongo wa timu

Huwezi kubaki na wote, na haifai. Chagua wanne wa kupigania kwa nguvu zote: kipa, beki wa kati mmoja, kiungo mkabaji na mshambuliaji. Juventus waliposhushwa mwaka 2006 waliwapoteza nyota kadhaa, lakini Buffon, Camoranesi, Nedvěd, Del Piero na Trezeguet walibaki, na licha ya kuanza na adhabu iliyoishia kuwa pointi 9 walitwaa ubingwa wa Serie B, daraja la pili la Italia, na kurudi msimu huo huo.

Wanaobaki lazima watake kubaki. Mchezaji anayesubiri simu ya wakala wake hadi siku ya mwisho ya usajili anaharibu mazoezi ya wiki nane. Mpangie tarehe ya mwisho, mfano siku 21 kabla ya mechi ya kwanza. Baada ya hapo ama yumo kwenye mipango ama anafanya mazoezi na kikosi cha pili hadi apate timu.

Kikosi cha wachezaji 22 wa ndani na makipa watatu kinatosha. Angalau sita wawe wameshacheza daraja hilo kwa misimu miwili au zaidi, kwa sababu wanajua viwanja vibovu, safari ndefu na mabeki wanaocheza kwa viwiko. Kosa la kawaida la klabu iliyoshuka ni kusajili majina yaliyowahi kutamba Ligi Kuu, yenye miaka 33 na goti moja zima.

Geuza matumaini kuwa pointi

Chukua misimu mitano iliyopita ya ligi yako. Andika pointi za timu ya mwisho iliyopanda moja kwa moja, ugawanye kwa idadi ya mechi. Lenga msimu mgumu kuliko yote, wastani utakudanganya. Mfano mzuri ni daraja la pili la Ujerumani, lenye mechi 34, ambako wawili wa juu hupanda moja kwa moja na wa tatu hucheza mchujo na timu ya Bundesliga, ligi kuu ya huko. Hamburg walishuka mwaka 2018. Mwaka 2023 walivuna pointi 66 na wakabaki chini: wakati mashabiki wao wakianza kushangilia uwanjani, Heidenheim walifunga mabao mawili katika dakika za majeruhi kwenye uwanja mwingine, wakamaliza na 67 na kupanda. Hamburg wakaangukia kwenye mchujo, wakafungwa na Stuttgart. Mwaka 2025 walipanda kwa pointi 59. Aliyelenga 60 kwa kufuata mwaka mwepesi angelia mwaka mgumu.

Kwa hiyo lenga wastani wa pointi 2 kwa mechi. Katika mechi 34 hiyo ni 68. Igawe hivi: nyumbani mechi 17, ushindi 13, sare 3, kupoteza 1, jumla 42. Ugenini mechi 17, ushindi 7, sare 5, kupoteza 5, jumla 26. Ukiitazama vizuri, hesabu hii inaruhusu kufungwa mara sita msimu mzima. Kipigo cha ugenini mwezi wa pili hakistahili kikao cha dharura.

Fuatilia kwa mafungu ya mechi sita. Fungu zuri ni pointi 12. Pointi 9 ni taa ya njano. Mafungu mawili mfululizo ya 9 yanataka mabadiliko ya kweli, iwe mfumo, kikosi au benchi la ufundi. Uamuzi juu ya kocha ufanyike kwenye mipaka hii, usifanyike usiku wa kipigo.

Katikati ya msimu tumia hesabu moja: lengo, toa pointi ulizonazo, gawanya kwa mechi zilizobaki. Una 35 baada ya mechi 20? Zinabaki 33 katika mechi 14, yaani 2.36 kwa mechi. Inawezekana, lakini ni mwendo wa mabingwa. Ikizidi 2.5, anza kuuandaa mchujo, na uwaambie mashabiki hivyo waziwazi. Mashabiki huvumilia ukweli. Ahadi tupu hawaisahau.

Jambo jingine ambalo makocha wengi hulisahau wakiwa kwenye joto la mechi: ushindi mmoja na kipigo kimoja vinakupa pointi 3, sare mbili zinakupa 2. Mechi ikiwa 1-1 dakika ya 75 dhidi ya timu ya katikati ya msimamo, ongeza mshambuliaji. Hata hivyo ukuta wa nyuma ndio unaobeba msimu. Burnley walipanda kutoka daraja la pili la England mwaka 2025 wakiwa na pointi 100 katika mechi 46, wameruhusu mabao 16 tu na kupoteza mechi 2, ingawa walitoka sare mara 16.

Namna ya kuwavunja wanaopaki basi

Klabu iliyotoka Ligi Kuu inageuka ghafla kuwa timu kubwa ya kila wiki. Msimu uliopita ilikuwa inajilinda. Sasa mpinzani anakuja na mabeki watano na viungo wanne mbele yao. Timu nyingi zilizoshuka hudondosha pointi hapa hapa, kwa sababu kikosi kilijengwa kwa mashambulizi ya kushtukiza na sasa hakuna nafasi ya kukimbilia.

Mawinga wakanyage chaki ya pembeni ili kutanua ukuta. Mpira uhame kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa pasi tatu, zisifike sita, maana ukuta husogea polepole kuliko mpira. Beki wa pembeni wa upande wa mpira apite nyuma ya winga hadi karibu na mstari wa mwisho, kisha atoe pasi ya chini ya kurudisha nyuma kuelekea alama ya penati. Krosi za juu kwa mabeki watatu warefu ni zawadi kwao.

Kinachoharibika: mabeki wote wawili wa pembeni wanapanda kwa pamoja, mpira unapotea katikati, na mpinzani anakimbia mita 50 dhidi ya mabeki wawili. Weka sheria isiyojadiliwa kwamba wachezaji watatu wanabaki nyuma ya mpira pamoja na kiungo mkabaji. Mpira ukipotea, walio karibu wakabe kwa sekunde tano. Usipopatikana, kila mtu arudi.

Dakika 20 za kona, mara mbili kwa wiki

Dhidi ya timu zilizojifungia, kona inaweza kukupa bao ambalo mchezo wa kawaida umeshindwa kutoa, na mazoezi yake hayagharimu fedha. Wapange kumi wa ndani hivi: mpigaji mmoja, watano kwenye boksi, mmoja ukingoni mwa boksi kwa mpira unaorudi, watatu nyuma. Watano wale, isipokuwa anayesimama mbele ya kipa, waanzie kundi moja karibu na alama ya penati. Mpigaji akiinua mkono, mmoja anakimbilia nguzo ya karibu, wa pili nguzo ya mbali, wa tatu anasimama kwenye njia ya beki bora wa kichwa bila kutumia mikono, na wa nne anachelewa sekunde moja kisha anaingia katikati. Huyo anayechelewa ndiye anayelengwa.

Kona tatu tofauti zinatosha kwa nusu msimu. Kosa kubwa ni mpira usiovuka mtu wa kwanza. Mazoezini weka kizuizi cha urefu wa mtu pale anaposimama beki wa nguzo ya karibu, mpigaji arudie hadi mipira minane kati ya kumi ivuke.

Dirisha dogo na ngwe ya lala salama

Sajili wawili, wasizidi watatu, kwenye nafasi zenye majeruhi au upungufu ulioonekana kwenye takwimu zako. Wachezaji sita wapya katikati ya msimu ni timu mpya, na timu mpya inataka wiki nyingi ambazo huna.

Kuanzia mzunguko wa pili, meneja wa timu awe na karatasi ya kadi za njano na aipitie kila baada ya mechi. Beki aliyebakiza kadi moja kufungiwa asikutwe na adhabu kwenye mechi ya mpinzani wako wa moja kwa moja. Soma pia kanuni ya timu zinazolingana pointi. England na Ujerumani hutazama tofauti ya mabao kwanza, kwa hiyo ukiongoza 3-0 endelea kutafuta la nne. Hispania hutazama matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana, na huko kufungwa 1-0 badala ya 2-0 kunaweza kuamua msimu.

Maombi ya leseni ya klabu yasisubiri pointi zitimie. Kwa kawaida wakaguzi hutazama maeneo matano: michezo, miundombinu, utawala na watendaji, sheria, na fedha. Uwanja ndio unaochelewa. Luton Town walipopanda Ligi Kuu ya England mwaka 2023, mechi yao ya kwanza ya nyumbani dhidi ya Burnley iliahirishwa kwa sababu ukarabati wa uwanja haukuwa umekamilika. Anza kupima taa, vyumba na viti mwaka mmoja kabla.

Ukiangukia kwenye mchujo

Nafasi yako ikishajulikana, wapumzishe wenye kadi na maumivu hata kama utafungwa. Sunderland, wakiwa daraja la pili la England, walipoteza mechi tano za mwisho za ligi msimu wa 2024/25, kisha wakawatoa Coventry kwa bao la mwisho wa dakika 120 na kuwafunga Sheffield United 2-1 kwenye fainali, ingawa wapinzani hao walimaliza ligi wakiwa mbele yao kwa pointi 14.

Fanyeni mazoezi ya penati mwishoni mwa kipindi kizito, miguu ikiwa imechoka, kila mmoja akitembea kutoka katikati ya uwanja. Orodha ya wapigaji wanane iandikwe siku moja kabla. Acha mabadiliko mawili hadi baada ya dakika ya 90 kama kanuni na hali ya mchezo vinaruhusu.

Mkipoteza, kikao cha mikataba kifanyike ndani ya siku 14, safari hii kwa bajeti ya pili uliyoandika mwanzoni mwa msimu. Bonasi ya kupanda haipo tena, na wanaomaliza mikopo wanarudi makwao. Waliobaki wapewe tarehe ya kuanza mazoezi kabla hawajaondoka uwanjani.